Sura ya 4: Je, Nimechelewa Kuwaandikia Watoto?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mhasibu aliyebakiza miaka michache kustaafu huuliza kama uandishi wa watoto unahitaji cheti. Nesi wa zahanati huuliza kama mtu ambaye hajawahi kuandika chochote zaidi ya ripoti ya mwezi anaweza kutunga hadithi. Dereva wa lori la masafa marefu, ambaye wajukuu wake hawalali mpaka awasimulie visa vya Tunduma na Malaba, huuliza kwa aibu kidogo: "Mwalimu, hivi na sisi tunaweza?" Ukiyachambua maswali hayo unabaki na moja tu: mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi nyingine kabisa anaweza kuanza leo kuandika vitabu vya picha vya watoto?

Anaweza. William Steig, Mmarekani aliyechora katuni za jarida la The New Yorker tangu 1930, alitoa kitabu chake cha kwanza cha watoto mwaka 1968, akiwa na miaka 60 hivi. Alipoandika Shrek!, kitabu kilichozaa ile filamu maarufu, ilikuwa 1990 na alikuwa ameshavuka miaka 80. Mjapani Mitsumasa Anno alifundisha shule ya msingi kabla ya kutoa kitabu chake cha kwanza cha picha, naye akiwa na miaka zaidi ya 40. Judith Kerr aliandika miswada ya televisheni ya BBC, akazaa, akawa anamsimulia binti yake kisa cha chui milia aliyebisha hodi wakati wa chai. Kisa hicho kilichapishwa London mwaka 1968 kwa jina The Tiger Who Came to Tea, na hadi leo kinasomwa.

Basi umri tuuweke kando. Miswada ya wanaoanza haikataliwi kwa sababu mwandishi ana mvi, wala kwa sababu hana shahada ya fasihi. Hukataliwa kwa sababu mbili. Mwandishi ameandika kana kwamba picha hazitakuwepo, au ameanza kumfundisha mtoto kabla hajamwonyesha kitu. Sehemu kubwa ya sura hii ni juu ya mambo hayo mawili.

Kitabu cha picha ni kitu gani hasa

Tusikichanganye na kitabu chenye picha. Hadithi iliyopambwa kwa michoro mitatu minne bado inasomeka ukiifunika michoro hiyo kwa kiganja. Kitabu cha picha hakivumilii jambo hilo. Ukizifunika picha zake hadithi inakatika, maana nusu ya habari imo kwenye mchoro.

Chukua ukurasa wenye sentensi moja: "Babu alisema hajaliona embe lolote." Mchoro unamwonyesha babu amekaa barazani, mikono ameificha mgongoni, na maji ya embe yametiririka kwenye ndevu mpaka kwenye kanzu nyeupe. Mtoto wa miaka minne, asiyejua hata herufi moja, ataangua kicheko. Amegundua kitu ambacho maneno hayakumwambia, na mtu mzima anayemsomea amejifanya hakioni. Raha yote ya kitabu cha picha imo hapo.

Ndiyo maana maneno huwa machache. The Very Hungry Caterpillar, kitabu cha Eric Carle kuhusu kiwavi mlafi kilichotoka 1969 na kuuza nakala zaidi ya milioni 50 duniani, kina maneno 224 kwa Kiingereza. Muhtasari wa kikao cha kamati ya maji ya kijiji una maneno mengi kuliko hayo.

Carle naye alitoka kwingine. Alikuwa akisanifu matangazo ya biashara huko New York. Mwalimu na mwandishi Bill Martin Jr aliona tangazo lake la dawa lenye picha ya kamba mkubwa mwekundu wa baharini, akampigia simu ampatie kazi ya kuchora kitabu cha watoto. Kitabu hicho kilitoka 1967. Cha kiwavi kilianza siku Carle alipotoboa rundo la karatasi kwa kile kifaa cha ofisini cha kutobolea matundu, akaanza kumfikiria mdudu anayekula vitabu. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakuvutiwa na mdudu huyo, wakajadiliana mpaka akageuka kiwavi. Ikabaki shida ya uchapaji, kwa kuwa kurasa za upana tofauti zenye matundu katikati zilikuwa ghali mno kuzalisha Marekani, mpaka Beneduce alipompata mchapaji Japani.

Abiria wa treni aliyechana gazeti

Simulizi la Leo Lionni linastahili nafasi kubwa kidogo, kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi kazi ya zamani inavyoingia katika kitabu.

Lionni alizaliwa Amsterdam mwaka 1910. Alipokuwa na miaka 49 alikuwa na jina kubwa katika usanifu wa magazeti, mkurugenzi wa sanaa wa jarida la kibiashara la Fortune, yaani mtu anayeamua kila ukurasa utaonekanaje. Mwaka 1959 alipanda treni kutoka New York kwenda nyumbani kwake Greenwich akiwa na wajukuu wawili, nao wakawa hawatulii. Katika mkoba alikuwa na nakala ya jarida la Life. Alichana ukurasa wenye rangi, akatoa vipande vya duara vya buluu na vya njano, akavipanga juu ya mkoba. Huyu ni buluu, huyu ni njano, ni marafiki. Wanatafutana, wanapotezana, wanakutana, wanakumbatiana kwa furaha mpaka wanakuwa kijani, na wazazi wao hawawatambui.

Mwaka huohuo vipande vile vilikuwa kitabu, Little Blue and Little Yellow. Hakina mtu, hakina mnyama, hakina uso wenye macho. Ni vipande vya karatasi tu, na bado mtoto anajua nani baba, nani mama na nani anacheza kujificha.

Hebu tuangalie nini kilimsaidia. Lionni hakuandika hadithi kuhusu ofisi ya gazeti. Alitumia macho ambayo ofisi ile ilikuwa imemnoa kwa miaka: anajua kipande kidogo kikiwekwa pembeni ya ukurasa mweupe kinaonekana mpweke, na vipande vikisongamana vinaonekana darasa. Pia alikuwa na watoto halisi mbele yake, wa kumwonyesha palepale kama kisa kinawashika. Baadaye aliacha kazi, akahamia Italia na kuendelea kuandika vitabu vya picha, vinne kati ya hivyo vikatajwa kwa heshima katika tuzo ya Caldecott, tuzo kubwa ya Marekani ya uchoraji wa vitabu vya watoto.

Kazi yako imekuonyesha nini

Turudi kwa nesi wetu wa zahanati. Akiamua kuandika, wazo la kwanza litakuwa kitabu cha kunawa mikono au umuhimu wa chanjo. Namwelewa, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa akiyahubiri kila asubuhi. Lakini vitu vilivyo adimu alivyonavyo si ujumbe huo, ambao uko kwenye kila bango la ukutani. Ni yale aliyoyaona wakati akiutoa.

Ameiona mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso wa mviringo na mshale, inayofungwa kwenye boriti au tawi la mwembe siku ya kliniki ya vijijini. Amewavisha watoto ile kaptula ya kitambaa yenye mikanda, akawatundika kwenye ndoano. Anajua kwamba wapo wanaolia kabla hawajaguswa, wapo wanaocheka, wapo wanaoukodolea macho mshale, na wapo wanaofanya lile ambalo kila nesi limempata. Mtu aliyesomea fasihi hana hazina hiyo.

Sasa aandike. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Mama Zawadi alikuwa mama bora aliyezingatia ushauri wa wataalamu wa afya. Kila mwezi alimpeleka mtoto wake kliniki kwa sababu kupima uzito ni muhimu kwa maendeleo ya mtoto."

Hapo hakuna cha kuchora isipokuwa mwanamke amesimama na mtoto. Tena anayezungumziwa ni mama, na msomaji wetu ana miaka mitano. Tumpe usimulizi dada wa mtoto, aliyekuja kliniki ameshika upindo wa kanga:

"Leo mdogo wangu anapimwa.
Anavishwa kaptula isiyo yake.
Anatundikwa.
Miguu inatafuta ardhi.
Mshale unakwenda, unarudi, unakwenda.
Kila mtu kimya.
Halafu..."

Mtoto anafungua ukurasa. Maneno hakuna. Nesi amelowa kuanzia kifuani, akina mama kwenye benchi wamejiziba midomo kwa kanga, na mdogo wetu huko juu anatabasamu.

Kitabu hicho hakikusema popote kwamba kliniki ni muhimu. Mtoto aliyekisikia atataka kwenda.

Kila kazi ina mizani yake ya namna hii. Fundi cherehani anajua mteja anayevuta pumzi ndani wakati wa kupimwa kiuno. Mpima ardhi anajua watoto wa kijiji wanavyomfuata mtu mwenye darubini ya miguu mitatu. Kama hujui pa kuanzia, kaa na maswali haya:

1. Ni kifaa gani cha kazini kwako ambacho watoto waliomba kukishika?
2. Kitu gani kilikuwa kikitokea kila siku, na hukuwahi kukiandika kwenye ripoti yoyote?
3. Mtoto alipofika ofisini, karakana au sokoni kwako, alisimama wapi na alikuwa anaangalia nini?
4. Ni sauti gani ulizisikia kazini kwako kiasi cha kuweza kuziigiza leo?

La tatu ndilo zito. Watoto hutazama vitu vilivyo usawa wa kiuno cha mtu mzima, na mara nyingi hadithi ilipo ndipo macho yao yalipo.

*Kwa ufupi: kazi yako ya zamani isiwe somo la kitabu. Iwe ghala la mambo uliyoyaona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote.*

Hamu ya kufundisha

Hapa nitasema waziwazi, kwa sababu jambo hili linanigusa. Vitabu vyetu vingi vya watoto vinahubiri mno. Vinaanza na mtoto mtukutu, vinampatia ajali katikati, vinamtubisha mwishoni. Mtoto akishasoma viwili anakijua cha tatu kabla hajakifungua.

Sababu si uvivu wa waandishi peke yake. Soko la vitabu Afrika Mashariki linasimama juu ya shule. Wachapishaji huishi kwa vitabu vya kiada, yaani vile vinavyofuata mtaala, na vya ziada, vile vinavyosaidia mazoezi ya kusoma. Anayelipa ni mzazi au shule, na kila mmoja anataka kuona faida yake kwenye jalada la nyuma. Mwandishi anayetoka ualimu, uuguzi, jeshi au kanisa anakuja tayari na mazoea ya kuelekeza watu, basi mambo mawili yanakutana.

Lakini tukumbuke tulivyolelewa. Sungura wa hadithi zetu anadanganya, anaiba karanga, anamtwisha Fisi kosa lake na kukimbia, na hakuna bibi aliyesimamisha hadithi kuomba radhi kwa niaba yake. Tulicheka, tukajifunza ujanja na hatari zake bila kuambiwa. Mwandishi anayemheshimu mtoto anamwachia kazi ya kufikiri. Ukimaliza rasimu, tafuta sentensi ya mwisho inayoanza na "Tangu siku hiyo" au "Hivyo basi", uifute, kisha usome tena. Mara nyingi kitabu kinakuwa kimepona.

Kurasa 32 za karatasi ya kawaida

Kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 32? Sababu iko kiwandani. Karatasi kubwa ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, na mbili za namna hiyo ni 32. Kwetu utakutana pia na vya kurasa 16 na 24, vinavyobanwa kwa pini katikati. Vyote hugawanyika kwa 8. Ukitoa ukurasa wa jina la kitabu na ule wa taarifa za mchapishaji, unabaki na nafasi kumi na mbili hadi kumi na nne za kurasa mbili zinazotazamana.

Mtu aliyezoea ofisi hufurahi kusikia kwamba kuna mipaka, na ni vizuri kuitumia mapema:

- Chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati, zibane kwa pini. Una kijitabu cha kurasa 32. Hicho ndicho kielelezo cha kitabu chako.
- Gawa maneno yako kwa penseli, kurasa mbilimbili. Kila penye jambo la kushtua, liweke nyuma ya ukurasa, mtoto alifikie kwa kufungua.
- Katika kila nafasi chora watu wa vijiti, wabaya tu. Usipoweza kuchora kitu tofauti na ukurasa uliotangulia, maneno ya hapo ni ya kukata.
- Somea watoto wasio wako. Wajukuu watakupigia makofi kwa sababu wanakupenda.

Hatua ya mwisho usiiruke. Angalia miguu yao wakati unasoma. Mtoto aliyechoka huanza kuchezesha miguu kabla hajasema kitu, na ukurasa huo utie alama.

Na kama siwezi kuchora?

Wengi hawawezi, na si lazima. Mwigizaji Lupita Nyong'o alipoandika Sulwe, kitabu cha 2019 kuhusu msichana mweusi tii anayetamani rangi nyingine, michoro ilikuwa ya Vashti Harrison. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyefundisha sanaa Kampala katika miaka ya 1960, aliandika Moja Means One, kitabu cha kuwahesabisha watoto wa Marekani moja hadi kumi kwa Kiswahili. Picha zilikuwa za Tom Feelings, na mwaka 1972 kitabu kikatajwa kwa heshima katika tuzo hiyohiyo ya Caldecott. Maneno ni machache sana, lakini wazo linatokana na maisha ya Afrika Mashariki.

Kwa kawaida mchapishaji ndiye anayemtafuta mchoraji, na mwandishi hapaswi kumwamuru. Usiandike kwenye muswada kwamba gauni ni jekundu lenye maua, kama wekundu huo haubebi kisa. Mwache afikiri. Tanzania ina wachoraji hodari. John Kilaka, mwenye mkono wa Tingatinga, huandika na kuchora mwenyewe ngano za wanyama, na vitabu vyake vilijulikana Uswisi kabla ya kujulikana mitaani kwetu. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeipa sanaa hiyo jina, alikuwa kibarua Dar es Salaam kabla ya kushika brashi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Pesa na milango ya kubisha

Usiache kazi. Mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, mara nyingi huzunguka asilimia 10, na kwenye kitabu cha picha hugawanywa na mchoraji. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 5,000 na mnagawana sawa: unapata 250 kwa nakala. Zikiuzwa nakala 2,000, ambazo si haba, ni shilingi laki tano. Pensheni italipa kodi ya nyumba kwa uhakika zaidi.

Mchapishaji wa kweli hakudai pesa ili akuchapishe. Anayekutaka ulipie kila kitu ni mchapaji, fundi wa mitambo, na huduma yake ni halali alimradi ujue unainunua. Soma mkataba kabla ya kusaini, hasa kifungu cha hakimiliki: Tanzania sheria inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, basi usiiuze yote kwa posho ya siku moja. Ukijichapishia, nambari ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu duniani, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kitabu kikitaka kuingia shuleni kitapelekwa Taasisi ya Elimu Tanzania kupata ithibati, na Kenya kazi hiyo hufanywa na KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala.

Dar es Salaam kuna nyumba za uchapishaji zinazowajali watoto. Mkuki na Nyota ilianzishwa 1991 na Walter Bgoya, aliyekuwa mwanadiplomasia kabla ya kuingia katika vitabu. E & D ilianzishwa na Demere Kitunga na Elieshi Lema, ambaye alisomea ukutubi, na mwenyewe ameandika vitabu vya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza pia 1991, umepeleka vitabu vya Kiswahili kwenye maktaba za shule. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo sasa inapokea hadithi za watoto. Asiyetaka kungoja anaweza kuweka hadithi yake bure kwenye African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2014 Afrika Kusini, ambako kila mwalimu anaruhusiwa kuisoma, kuichapa na kuitafsiri.

Watoto wa darasa la kwanza wanaosoma kwa Kiswahili ni mamilioni, na vitabu vya picha vilivyoandikwa kwa ajili yao, na mtu anayeijua zahanati yao, gereji yao na soko lao, bado ni vichache mno. Nakuomba, kabla hujafungua sura inayofuata, kunja zile karatasi nane.